Kabla Hujabadilisha Kabureta

Kuna ushauri ambao hauhitaji maarifa yoyote kuutoa. Ni neno moja tu: badilisha. Simu inazima yenyewe? Badilisha betri. Kompyuta imekuwa nzito? Badilisha, hizo ni za zamani. Gari linafurika mafuta kwenye kabureta? Badilisha kabureta, na kama mfuko unaruhusu, ng'oa injini nzima uweke ya Kijapani. Anayetoa ushauri huu huonekana mtu wa kisasa. Anayeuliza "kwani kimeharibika nini?" huonekana mshamba, tena bahili.

Nasoma shahada ya uzamili ya elimu Dar es Salaam, na kwa miezi kadhaa sasa nina ugomvi na neno hilo. Ugomvi ulianzia kwenye Land Rover ya mjomba wangu, lakini nitauleta mpaka darasani. Kwa hiyo wewe usiye na gari, usiyejua hata kabureta inakaa upande gani wa injini, vumilia kidogo. Unakuhusu.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III, injini ya petroli ya lita 2.25, silinda nne. Namba 109 ni urefu kwa inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Series III zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imenizidi umri kwa mbali. Hili la mjomba linakaa Nakapanya, wilaya ya Tunduru, zaidi ya kilomita 300 kutoka Songea yalipo makao makuu ya mkoa wetu. Kwa mahitaji mengi macho yetu huelekea Masasi, ambako ni karibu zaidi. Kabla ya lami, iliyotufikia muongo uliopita tu, barabara ya Songea, Tunduru hadi Masasi ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, na Land Rover ndizo zilizokuwa mabasi. Watu walipangwa ndani kama magunia, na magunia yalipangwa juu yao. Gari la mjomba limebeba korosho kwenda ghalani, mpunga, mabati, maharusi, wajawazito wa kukimbizwa Tunduru usiku, na maiti za kurudishwa kijijini. Lami imepita, lakini lami ni moja na vijiji ni vingi. Kwenda huko ndani bado linaitwa hilo hilo.

Na kwa Wayao mjomba ni mtu mzito. Watoto wa dada ni watoto wake. Hivyo gari lake ni la ukoo, na ukoo una maoni.

Historia ya ugonjwa ni hii. Pampu ya mafuta ya awali, ile inayosukumwa na injini yenyewe, kiwambo chake cha mpira kilichanika. Karakana moja ya mjini ikashauri kubadilisha. Ikaing'oa, ikaziba tundu lake kwa kipande cha bati, ikafunga pampu ndogo ya umeme, ya aina inayouzwa kwa gari lolote na mtu yeyote. Gari likawaka, mjomba akalipa, akaondoka. Siku chache baadaye likaanza kunuka petroli. Likisimama sailensa linatoa moshi mweusi, linatetemeka, linazima. Na likishazima likiwa la moto haliwaki mpaka lipumzike nusu saa. Kwenye mwendo linatulia. Fundi wa kwanza akabadilisha sindano ya kabureta. Likakaa siku tatu. Wa pili akabadilisha seti nzima: gasketi, sindano tena, jeti. Likakaa wiki. Wa tatu akasema kabureta imezeeka, ikaagizwa mpya ya kuiga kutoka Dar es Salaam, ikaja na basi ikiwa imefungwa kwenye kanga. Nayo ikafurika.

Hapo kesi ikahamia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Hoja zikawa mbili: ing'olewe injini, au gari liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ndugu yetu mmoja mwenye shahada mbili akaandika, "Karne hii bado kabureta jamani?" Watu wakacheka kwa vikaragosi. Mjomba hana simu ya aina hiyo, kwa hiyo gari lake lilipimwa kwa kilo bila yeye kuwepo. Hakuna aliyeuliza mzee wa miaka sabini, aliyeishi kwa kukodisha gari hilo, angekula nini mwezi unaofuata. Swali la aina hiyo nalo ni la kishamba.

Tazama hesabu. Vitu vimebadilishwa mara nne: pampu, sindano, seti, kabureta nzima. Na cha kwanza kubadilishwa ndicho kilicholeta ugonjwa. Hili nitalithibitisha, kwa sababu namna lilivyothibitishwa ndiyo hoja yangu yote.

Kabureta kwa ndani ni kitu rahisi kuliko sifa zake. Kama umewahi kufungua mfuniko wa simtangi ukaona boya linavyopanda na maji mpaka likaziba bomba, umeshaona nusu ya kabureta. Petroli inaingia kwenye chemba ndogo, boya linapanda, boya linasukuma sindano, sindano inaziba tundu, mafuta yanasimama. Injini ikinywa, boya linashuka, sindano inaachia, mafuta yanaingia tena. Kazi hii hufanyika mfululizo tangu unawasha mpaka unazima. Kufurika maana yake mafuta yameendelea kuingia wakati boya limeshasema basi. Yanapita juu, yanamwagikia kwenye koo la kabureta, injini inakunywa petroli nyingi kuliko hewa, plagi zinalowa na kuwa nyeusi.

Sasa uliza kwa utaratibu: kwa nini mafuta yaendelee kuingia? Huenda kuna uchafu kati ya sindano na kikalio chake. Huenda sindano imelika. Huenda boya limetoboka, limejaa petroli, limekuwa zito na haliwezi kupanda. Huenda boya limepinda, linaziba kwa kuchelewa. Au vyote viko sawa kabisa, ila kinachosukuma kutoka nyuma kina nguvu kuliko boya linavyoweza kuzuia. Na kuna mambo yanayofanana na kufurika ambayo hayahusiani na boya hata kidogo: choki iliyoganda imefungwa, kichujio cha hewa kilichoziba, kabureta iliyopinda mdomo. Sababu nane hivi. Kabureta mpya inatibu karibu zote zilizo ndani ya kabureta na haitibu hata moja iliyo nje yake. Ndiyo maana "badilisha" hupatia mara nyingi kiasi cha kujipatia heshima, na inapokosea humwachia mgonjwa deni.

Fundi aliyelitibu ni mzee wa hapo hapo Nakapanya. Elimu yake darasa la saba. Ufundi aliupata Masasi chini ya fundi mwingine. Ana kibanda chini ya mwembe, spana boi wawili, na kipande cha kioo cha dirisha ambacho nitakieleza baadaye. Desemba nilipokuwa likizo tulilivuta gari mpaka kwake. Nilimpa shikamoo, akauliza nasomea nini, nikamwambia, akasema, "Haya mwalimu wa walimu, kaa pale, usivute sigara." Sivuti, lakini agizo lilikuwa la maana: kwenye injini hii kabureta imekaa upande mmoja na ekzosi, juu yake, na petroli inayofurika ikidondokea kwenye chuma cha moto mazungumzo yote haya yanakwisha.

Hakushika spana. Alimuuliza mjomba: "Kabla halijaanza kufurika, nani alilishika mara ya mwisho, na alifanya nini?"

Watu watatu walikuwa wamelipwa kulitengeneza gari hilo, na swali hilo lilikuwa halijaulizwa. Mjomba akajibu: pampu. Fundi akasema "haya," kisha akafanya jambo ambalo natamani kila mwanafunzi mwenzangu angekuwepo kuliona: hakurukia pampu. Jibu lilikuwa limeshatajwa mbele yake, na bado hakulichukua. Kutangulia si kusababisha. Semina nzima za mbinu za utafiti hutumika kutufundisha kanuni hiyo, na bado tasnifu zinarudi zikidai kwamba kwa kuwa mradi ulianza Machi na ufaulu ukapanda Novemba, mradi ndio ulioupandisha.

Alichomoa stiki ya oili, akainusa. Akampa mjomba anuse. Oili ilikuwa inanuka petroli na imepanda kuliko kawaida, maana yake petroli iliyofurika ilikuwa inapita kwenye silinda na kushuka mpaka kwenye karta, inaipunguza oili makali. Akakataa gari lisiwashwe mpaka oili imwagwe. Ndugu zetu wa "ng'oa injini" walikuwa njiani kupatia kwa namna yao: mwezi mmoja zaidi wa oili ile na injini kweli ingehitaji kung'olewa.

Kisha plagi. Zote nne nyeusi, zote nne zimelowa. Ingekuwa moja, angetafuta ugonjwa kwenye silinda hiyo; zikiwa nne, ugonjwa uko kabla mafuta hayajagawanywa. Kisha choki, akaivuta na kuiachia huku akichungulia kibati kama kinafunguka chote. Kinafunguka. Kichujio cha hewa, kimechoka lakini kinapumua. Akarudisha ile kabureta ya zamani, ya kiwandani, iliyokuwa imetupwa nyuma ya siti, kwa maelezo kwamba ile mpya haijui, na hawezi kumpima mgonjwa kwa kipimo asichokijua. Akaifungua. Akalitoa boya, akalitikisa karibu na sikio kusikiliza kama lina petroli ndani. Kavu. Akageuza mfuniko juu chini ili uzito wa boya uisukume sindano mahali pake, akaweka mdomo kwenye tundu la kuingizia mafuta, akapuliza. Pumzi haikupita. Akalinyanyua boya kidogo kwa kidole, pumzi ikapita. Akaliachia, ikakatika.

Hapo nikaanza kuona anakokwenda. Sindano inazuia pumzi ya mtu. Boya zima. Basi kabureta hii, ambayo ukoo mzima uliambiwa imezeeka, inafanya kazi yake. Kilichobaki ni kumuuliza anayesukuma.

Akachukua kidumu cha lita tano, akakitia petroli safi, akampa spana boi akifunge juu ya paa la gari. Akachomoa mpira wa pampu ya umeme, akaunga mpira kutoka kwenye kidumu moja kwa moja hadi kwenye kabureta. Pampu haipo tena kwenye mashtaka. Mafuta yanashuka kwa uzito wake tu. Gari likawashwa. Likasimama sailensa dakika tano, dakika kumi, dakika ishirini. Moshi mweusi ukaisha. Akachomoa mpira wa kidumu, akarudisha pampu ya umeme, hakugusa kitu kingine chochote. Chini ya dakika tatu petroli ikaanza kuchuruzika ubavuni mwa kabureta. Akazima, akarudisha kidumu. Likatulia tena.

Mara mbili kwenda, mara mbili kurudi. "Mara moja ni bahati," alisema.

Usiku nilipiga hesabu, maana ndicho nilichosomea nikiwa sekondari kabla ya kuhamia kwenye elimu. Kutoka paa la Land Rover hadi kabureta ni kama mita moja. Mita moja ya petroli inatoa msukumo wa kilopaskali 7 na kitu, karibu pauni moja kwa kila inchi ya mraba. Pampu ya awali ya injini hii husukuma kati ya pauni 1.5 na 2.5. Pampu nyingi za umeme za kufunga kwenye mpira husukuma pauni 4 hadi 7. Boya dogo lile halijaumbwa kuzuia msukumo huo. Kwenye mwendo injini inakunywa mafuta kwa kasi, msukumo unapata pa kwenda, gari linatulia. Likisimama sailensa injini inakunywa kidogo, msukumo wote unarudi kwenye sindano, sindano inashindwa. Dalili zote zikaeleweka kwa mara moja, hata zile siku tatu na ile wiki: sindano mpya ilikuwa inajitahidi kwa muda kabla haijachoka.

Fundi hakuwa na namba hizi. Alikuwa na kidumu. Lakini kidumu chake kilikuwa kipimo, na nataka mtu anieleze kwa nini mimi nikiandika "shinikizo lilidhibitiwa huku vigeu vingine vikibaki vilevile" napewa alama, na yeye akifanya hivyo hivyo chini ya mwembe anaitwa mbabaishaji.

Kuhusu kioo. Pampu ya injini ilipatikana kutoka kwenye Land Rover iliyokufa Masasi, ikawekewa kiwambo, gari likaacha kufurika. Ila kwenye sailensa bado lilikuwa linakula mafuta kuliko anavyopenda fundi. Mjomba alisema inatosha. Fundi akasema haitoshi. Kabureta za aina hii, Zenith, zina ugonjwa unaojulikana na kila anayeishi nazo duniani: ukikaza skrubu zake kupita kiasi, na joto la ekzosi likisaidia, uso wa mfuniko unapinda kidogo, gasketi haizibi vizuri, na injini inanyonya mafuta kupitia mwanya huo hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Mafundi watatu walikuwa wameifungua na kuikaza. Akaweka kipande chake cha kioo juu ya meza, kwa sababu kioo ndicho kitu kilichonyooka kuliko vyote Nakapanya, akaweka msasa laini juu ya kioo, akaanza kuusugua uso wa mfuniko kwa mzunguko, taratibu, akitazama mng'ao. Sehemu iliyopinda haiguswi na msasa, inabaki na giza. Alisugua mpaka giza likaisha. Saa moja na nusu. Spana boi mdogo alipewa afanye upande wa pili, akanyang'anywa mara mbili kwa kubonyeza upande mmoja zaidi, akarudishiwa mara zote mbili.

Kwa nini hakufanya hili pamoja na pampu, kumaliza kazi siku moja? Nilimuuliza. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu msikitini. "Nikibadilisha viwili, nitajuaje kipi kilikuwa kinaumwa?"

Sasa nije kwenye ugomvi wenyewe.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba natukuza umaskini, kwamba mzungumzaji wa chuo kikuu huenda kijijini kwao likizo, akaona mzee mmoja mwenye busara, akarudi na makala. Haki yenu kushuku. Kwa hiyo niseme wazi: mafundi watatu waliotangulia walikuwa mafundi wa mtaani pia, na walikosea. Wapo wanaoziba tangi linalovuja kwa sabuni ya kipande na kuacha hivyo mwaka mzima. Wapo wanaovuta petroli kwa mdomo, na wapo waliokwisha kuungua. Kuwa chini ya mwembe hakumpi mtu akili, kama ambavyo kukaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi hakumpi. Ninachotetea ni utaratibu: uliza historia, orodhesha sababu, ondoa moja moja, rudia kipimo, kisha ndipo utoe hukumu. Mwenye kuufuata ni fundi hata kama hana cheti. Asiyeufuata ni muuza vipuri.

La pili ni kwamba kabureta imekufa, kwa hiyo maarifa yake ni ya makumbusho. Anayesema hivyo ashuke kituoni aangalie bodaboda zilizopanga foleni. Nyingi zinatumia kabureta, ndogo kuliko ya Land Rover, yenye boya na sindano zile zile. Dereva wa boda akiona petroli inachuruzika anagonga chemba kwa mpini wa spana, sindano iliyonasa inaachia, safari inaendelea. Kwenye kila kituo cha boda nchi hii kuna mtu anayeijua kabureta kuliko mhandisi aliyehitimu jana. Kilichokufa ni kabureta ya watu wenye magari mapya, na hao wamezoea kudhani kwamba kitu kikifa kwao kimekufa duniani.

Na hata kwenye gari la kisasa, lenye kompyuta, lisilo na kabureta wala choki, ugomvi wangu uko pale pale. Fundi anachomeka mashine ya kupimia, mashine inatoa namba ya kosa, namba inataja sensa, sensa inabadilishwa. Taa inarudi. Sensa nyingine. Mashine imesema sensa imeona nini. Haijasema kwa nini imekiona. Sensa inayoripoti kwamba mafuta ni mengi inaweza kuwa ndiyo shahidi pekee mkweli kwenye gari zima, na ndiyo inayotupwa.

Pembeni kidogo. Oktoba 2024 Arusha palifanyika tamasha la Land Rover, zaidi ya magari 1,000 yakakusanyika kuwania rekodi ya dunia ya msafara mrefu. Nilifurahi kuona picha. Lakini nikasoma jinsi vijana wa rika langu walivyoyaandika, magari ya kale, urithi, fahari, nikajiuliza urithi gani huo. Chuma kinarithiwa na anayeweza kukinunua. Anayejua kukiponya hakuwa kwenye picha, alikuwa chini ya gari.

La tatu, ambalo ndilo zito, ni kwamba serikali imeshaliona hili. Ni kweli. Tangu Januari 2024 mtaala mpya umeanza kutekelezwa, na sekondari ina mkondo wa amali, ambamo mtoto anasoma ufundi tangu kidato cha kwanza. VETA nayo ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini, wapimwe na wapewe vyeti. Nimesoma sera hizo kwa furaha ya mtu aliyekuwa anazisubiri. Shida yangu iko kwenye lugha, na lugha hapa siyo pambo. Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, na sera ya elimu toleo la 2023 imekiacha pale pale. Maana yake mtoto wa Nakapanya aliyekulia gereji, anayejua boya, sindano, choki, kumisi na kutyuni, akifika darasani kuusomea ufundi ule ule ataambiwa kwanza ayasahau majina yote hayo.

Chukua neno moja tu, sailensa. Kwa Waingereza neno lililozaa hilo letu ni kile kifaa cha kupunguza kelele za ekzosi. Mafundi wa Tanzania wamelichukua, wakaliondoa huko, wakalipa kazi nyingine kabisa: mzunguko wa injini ikiwa imesimama bila kukanyagwa mafuta. Gari halina sailensa. Panda sailensa kidogo. Kila dereva nchini anaelewa. Hakuna kamati iliyokaa. Watu wenye kazi mkononi walihitaji neno, wakalitengeneza. Sasa mtahini akikuta neno hilo kwenye karatasi ya mtihani wa amali atafanya nini? Nahofia atalikata, tena kwa kalamu nyekundu na kwa dhamiri safi, kwamba mtoto amechanganya ekzosi na mzunguko wa injini. Mtoto atakuwa hajachanganya kitu.

Maarifa haya yanapoandikwa, yanaandikwa kwingine. Mwanahistoria Mmarekani Joshua Grace alitoa kitabu kizima, African Motors, mwaka 2021, kuhusu Watanzania na magari yao, na mafundi wa gereji wamo kama watu wenye maarifa. Miaka mingi kabla yake, 1996, Julian Orr alichapisha utafiti wake kuhusu mafundi wa mashine za fotokopi za Xerox huko Marekani, akaonyesha kwamba kitabu cha maelekezo kiliwatosha kwa sehemu tu. Kilichowaokoa ni kusimuliana visa vya mashine, huyu akimwambia yule ilianza hivi, nikafanya hivi, ikaitikia hivi. Niliposoma hayo nilimkumbuka fundi na swali lake la nani alilishika mara ya mwisho. Nina maktaba inayonipa vitabu hivyo. Spana boi hana, na hata akipewa, viko kwa Kiingereza. Kwa hiyo tumefika mahali ambapo mtu wa South Carolina anaweza kusoma kuhusu akili ya mafundi wetu kirahisi kuliko fundi mwenyewe.

Msiniambie Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Kila hatua niliyoieleza hapo juu, kuanzia stiki ya oili mpaka kioo na msasa, nimeieleza kwa maneno ambayo fundi aliyatumia au angeyaelewa, na wewe usiyejua kabureta umefuata. Sehemu pekee nilipohitaji kutafuta neno ni kilopaskali, na hilo hata Waingereza wamelikopa.

Ninachodai kinaweza kufanyika bila kusubiri sera nyingine. Mtihani wa vitendo wa amali uruhusiwe kujibiwa kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili cha gereji. Wanaopima ujuzi wa mafundi kwa ajili ya cheti waache kuuliza jina la kifaa, wampe fundi gari bovu na saa tatu, wakae kimya, waandike anauliza nini na kwa mpangilio gani. Na sisi wa uzamili wa elimu, ambao kila mwaka tunatafuta mada za tasnifu mpaka tunarudia "changamoto za utekelezaji" za wilaya baada ya wilaya, twende tukakae kwenye vibanda hivyo tuandike visa vya magari, kwa Kiswahili, kabla wazee hawa hawajaondoka.

Yule spana boi mdogo, aliyenyang'anywa mfuniko mara mbili, amemaliza darasa la saba. Ameniambia anataka amali. Nilimuuliza swali dogo: gari linafurika kwenye sailensa, kwenye mwendo linatulia, sindano mpya, boya zima. Akaniuliza kama pampu ni ya injini au ya umeme.

Jibu hilo kwenye mtihani lina alama ngapi?